Kutafuta Chanzo cha Kizunguzungu: Kutoka Zahanati hadi kwa Daktari Bingwa

Mwanamke wa miaka 56 anaamka alfajiri, anageukia upande wa kulia ili ashuke kitandani, na ghafla paa la nyumba linaanza kuzunguka. Anashika godoro kwa mikono miwili. Anatapika. Baada ya muda mfupi chumba kinatulia, lakini mwili umelegea na moyo unamwenda mbio. Jamaa zake wanampeleka zahanati, na huko shinikizo la damu linasoma 168/98. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Anaambiwa ana presha, anapewa vidonge vya mwezi mmoja, anarudi nyumbani. Asubuhi ya pili anapogeuka kitandani, paa linazunguka tena.

Mfano huu umetungwa, lakini mtoa huduma aliyekaa mwaka mmoja katika kliniki ya wagonjwa wa nje atamtambua mgonjwa huyo mara moja. Shinikizo lake lilipanda kwa sababu alikuwa ametishika na ametapika. Kizunguzungu kilitangulia, presha ikafuata. Dawa aliyopewa haiwezi kukigusa chanzo cha tatizo lake. Tena, ikiwa hakuwa na presha ya kudumu, dawa hiyo huenda ikamwongezea kizunguzungu cha pili, kile cha damu kushuka anaposimama, na mwezi unaofuata atarudi na malalamiko mawili mahali pa moja.

Ugonjwa wake una jina, hutambuliwa kwa dakika chache bila mashine yoyote, na mara nyingi huponywa juu ya kitanda kilekile alichopimiwa. Lakini kabla ya kufika hapo kuna jambo moja la kuweka sawa, nalo ni maswali anayoulizwa mgonjwa.

Neno moja, maradhi mengi

Kiswahili kina kizunguzungu, kina kisunzi, na wengine husema kisulisuli. Neno kizunguzungu lenyewe limebeba mzunguko ndani yake. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku neno hilo hubeba kila kitu: mtu anayeona giza akisimama husema ana kizunguzungu, vilevile mjamzito aliyepungukiwa damu, mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka, mzee anayeyumba akitembea, na mfiwa ambaye hajalala siku tatu. Wote wanasema kweli. Mtoa huduma ndiye anayekosea anapodhani kwamba neno hilo peke yake limemwambia jambo.

Mwaka 1972 madaktari wawili wa Marekani, Drachman na Hart, walipendekeza kwamba mgonjwa aulizwe kwanza anahisi nini hasa: je, vitu vinazunguka, anataka kuzimia, anayumba, au kichwa ni chepesi tu? Kila jibu lingeelekeza kwenye kundi lake la magonjwa. Mpango huo ulifundishwa vyuoni kwa miongo mingi, na bado unafundishwa. Udhaifu wake ulionekana wazi mwaka 2007, ulipochapishwa utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa idara za dharura nchini Marekani. Walipoulizwa swali hilohilo tena baada ya dakika chache, zaidi ya nusu walitoa jibu tofauti na la kwanza. Hawakuwa wakidanganya. Hisia ya kizunguzungu ni ngumu kuieleza kwa lugha yoyote, na mgonjwa hushika neno lililo karibu.

Wagonjwa haohao hujibu kwa uthabiti zaidi wanapoulizwa mambo mawili mengine: kizunguzungu hukaa muda gani, na nini hukichokoza. Hapo ndipo pa kuanzia.

Swali la muda linahitaji uangalifu. Mgonjwa akiulizwa "hukaa muda gani?" mara nyingi hujibu "kutwa nzima", hata kama mzunguko wenyewe ulidumu nusu dakika, kwa sababu kichefuchefu na woga humkalia hadi jioni. Ni afadhali kumuuliza kwa vipimo vya maisha yake: mzunguko wenyewe, mbali na uchovu unaofuata, ulidumu kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini, au muda wa kusonga ugali ukaiva, au tangu asubuhi hadi usiku bila kukoma? Majibu hayo matatu huelekeza njia tatu tofauti.

Swali la kichokozi nalo lina mtego wake. Anayesema "kinanishika nikiamka" anaweza kuwa na damu inayoshuka akisimama, au akawa na ugonjwa wa sikio la ndani. Swali moja huwatenganisha: je, kinakuja pia unapolala au unapogeuka ubavu kitandani? Mtu anayejilaza hapungukiwi na damu kichwani. Kizunguzungu kinachokuja wakati wa kulala au kugeuka kinatoka kwingine. Mgonjwa huyo mara nyingi atasema pia kwamba humshika akisujudu na kuinuka, akiinua uso kutundika nguo kambani, au akiinamia beseni la kufulia.

Vijiwe vilivyopotea njia

Ndani ya kila sikio kuna mirija mitatu iliyopindwa nusu duara, imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hubaki nyuma kidogo, na mbano wake huarifu ubongo kuhusu mwendo huo. Karibu na mirija hiyo kuna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo mno vya chokaa, ambavyo uzito wake huuwezesha mwili kutambua chini ni wapi. Kwa sababu ya umri, pigo la kichwa, au pasipo sababu inayojulikana, vijiwe hivi huweza kubanduka na kuingia katika mojawapo ya mirija, mara nyingi ule wa nyuma. Tangu hapo kila kichwa kinapobadili mlalo, vijiwe huporomoka ndani ya mrija, huvuta majimaji, na ubongo huarifiwa kwamba kichwa kinazunguka ilhali kimetulia. Vikishatua chini, mzunguko huisha. Ndiyo maana hudumu chini ya dakika moja.

Ubongo ukiarifiwa mwendo usiokuwepo, macho hujibu. Mboni huanza kuchezacheza zenyewe: huteleza polepole upande mmoja kisha huruka kurudi. Hali hii huitwa nistagmasi, nayo ni shahidi asiyetegemea maneno ya mgonjwa. Robert Bárány, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya kiungo hiki cha mizani, aliieleza hali ya kizunguzungu cha mlalo mwaka 1921. Mwaka 1952, Margaret Dix na Charles Hallpike walieleza London njia ya kukichokoza makusudi, ambayo hadi leo inaitwa kwa majina yao.

Kipimo cha Dix-Hallpike hakihitaji zaidi ya kitanda. Mgonjwa huketi akiwa amenyoosha miguu, akaelezwa mapema kwamba huenda kizunguzungu kikamshika, kwamba kitapita, na kwamba asifumbe macho. Mpimaji humgeuza kichwa nyuzi 45 kuelekea upande unaoshukiwa, kisha humlaza chali kwa haraka hadi kichwa kiwe chini kidogo ya usawa wa kitanda. Kitanda kisichoruhusu kichwa kuning'inia hutatuliwa kwa mto uliowekwa chini ya mabega. Kisha mpimaji hutazama macho, wala haharakishi. Baada ya sekunde chache mboni huanza kuruka kuelekea juu huku zikijizungusha kuelekea sikio lililo chini, hushika kasi, halafu hupungua na kukoma kabla ya dakika kwisha. Kukiwa kimya upande mmoja, hupimwa upande wa pili. Mwenye jeraha la shingo, au mwenye baridi yabisi iliyoathiri mifupa ya shingo, hapimwi kwa namna hii.

Kosa linaloonekana mara kwa mara ni la kumtazama mgonjwa anavyojishika na kulia "nakufa!" bila kutazama macho yake. Kilio hakitofautishi kitu. Macho ndiyo yanayotaja sikio lenye tatizo, na bila kulijua sikio hilo tiba haiwezi kuanza.

Tiba yenyewe ni mwendelezo wa kipimo. Iliasisiwa na John Epley, daktari wa masikio wa Portland, Marekani, ambaye wenzake hawakumwamini kwa miaka mingi kwa sababu ilionekana rahisi kupita kiasi. Makala yake ya mwaka 1992 ndiyo iliyoieneza. Mgonjwa aliyelala kichwa kimegeukia upande wenye ugonjwa huachwa hapo hadi nistagmasi itulie. Kichwa hugeuzwa nyuzi 90 kwenda upande wa pili, kikasubiriwa nusu dakika hadi dakika moja. Kisha mwili wote huviringishwa ubavu kwa upande huohuo hadi uso uelekee sakafuni, akasubiri tena. Mwisho huinuliwa kuketi, kidevu kikiwa kimeinama kidogo. Kila hatua huvisogeza vijiwe mbele katika mrija hadi vitoke na kurudi kwenye kifuko, ambako havisumbui. Wagonjwa wengi hupona kwa kufanyiwa mara moja. Wengine huhitaji kurudiwa. Kwa baadhi, ugonjwa hurudi baada ya miezi au miaka, na tiba huwa ileile.

Vidonge havina kazi hapa. Sinarizini na prokloperazini huandikwa kwa wingi, na huonekana kuponya kwa sababu ugonjwa huu huweza kuisha wenyewe baada ya wiki kadhaa. Hakuna kidonge kinachosogeza kijiwe. Mzee anayemeza sinarizini miezi sita anaweza kuanza kutetemeka mikono na kutembea kwa hatua fupi fupi, akadhaniwa ana ugonjwa mpya, kumbe ni dawa.

Anaposimama

Kizunguzungu cha kusimama hupimwa kwa mashine ya presha, lakini si kwa kipimo kimoja cha mgonjwa aliyeketi. Mgonjwa alale dakika tano, apimwe. Asimame, apimwe tena ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, jibu limepatikana, na inabaki kuuliza kwa nini: kuharisha, damu kupungua, kisukari cha muda mrefu kilichoathiri neva, au, mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, dawa. Amlodipini, dawa za kukojoza, amitriptilini na zile za tezi dume huongoza. Mgonjwa aombwe alete mfuko wake wote wa dawa, pamoja na za duka na za mitishamba, kwa kuwa akitajiwa tu kwa mdomo husahau nusu yake.

Kundi jingine la dawa linastahili kutajwa peke yake. Gentamaisini, streptomaisini na jamaa zake huweza kuua chembe za mizani katika masikio yote mawili. Kwa kuwa masikio yameharibika pamoja, hakuna mvutano kati yake, na mgonjwa huenda asisikie mzunguko wowote. Husema kwamba akitembea vitu vinarukaruka machoni, na kwamba usiku akitoka kwenda choo cha nje bila taa hujikuta ukutani. Akiwa ameketi mchana mbele ya daktari huonekana mzima. Aliyelazwa akachomwa gentamaisini kwa muda mrefu aulizwe kuhusu giza.

Kizunguzungu kisichokoma

Njia ya tatu ndiyo yenye hatari. Mgonjwa ameanza kuzunguka jana jioni, na hadi sasa hajapata nafuu hata akitulia. Anatapika, anashindwa kutembea vizuri, na macho yake yanacheza hata akiwa ameketi kimya. Wengi wa wagonjwa hawa wana uvimbe wa neva ya mizani ya sikio moja, ugonjwa unaotisha lakini hupoa kwa wiki kadhaa. Wachache wana kiharusi cha ubongo mdogo wa nyuma au cha shina la ubongo, na kiharusi hiki hakifuati sura ambayo watu wameizoea. Mdomo haujapinda. Mkono una nguvu. Usemi unaweza kuwa sawa. Sehemu iliyokufa huweza kuvimba ndani ya siku chache ikabana shina la ubongo, na mtu aliyerudishwa nyumbani na dawa ya kichefuchefu akaletwa tena bila fahamu.

Ishara nyingine zikiwepo, uamuzi ni mwepesi. Kuona vitu viwili, ulimi mzito, kupaliwa na mate, ganzi ya uso au mkono, maumivu makali ya ghafla ya kisogo au shingo: mgonjwa apelekwe hospitali yenye uwezo siku hiyohiyo. Vivyo hivyo asiyeweza kuketi wima au kusimama bila kushikwa. Mtoa huduma asimwache mgonjwa wa aina hii aondoke bila kumwona akisimama. Wengi hupimwa wakiwa wamelala na kuandikiwa dawa wakiwa wamelala.

Zisipokuwepo ishara hizo, bado macho yana la kusema. Mwaka 2009 Kattah na wenzake walieleza vipimo vitatu vya macho kwa mgonjwa ambaye kizunguzungu hakijakoma na nistagmasi inaonekana. Katika cha kwanza, mgonjwa hukazia macho pua ya mpimaji, na kichwa chake hugeuzwa ghafla kwa pembe ndogo. Sikio likiwa gonjwa, macho huchukuliwa na kichwa kisha huruka kurudi puani. Sikio likiwa zima, macho hayabanduki puani. Hapa ndipo wanafunzi wa udaktari huchanganyikiwa: kwa mgonjwa huyu, kipimo kikionyesha kasoro ni habari njema, maana tatizo liko sikioni, kikiwa safi, kiharusi kishukiwe. Katika cha pili hutazamwa mwelekeo wa nistagmasi: ikibadilika upande kadiri anavyotazama kulia au kushoto, au ikiwa ya juu na chini, tatizo liko katika ubongo. Katika cha tatu jicho moja hufunikwa, kisha la pili, kwa zamu. Jicho likifunuliwa likaonekana kupanda au kushuka ili kujirekebisha, huo nao ni ubongo. Kwa hivyo vitatu huongezwa usikivu, kwani uziwi mpya wa sikio moja huweza kutokana na mshipa ulioziba.

Katika utafiti huo, uliohusisha wagonjwa 101, vipimo hivyo havikukosa kiharusi hata kimoja, ilhali picha ya MRI iliyopigwa katika siku mbili za mwanzo ilikosa baadhi. Waliopima walikuwa wabobezi, na asiyefunzwa hapaswi kutarajia usahihi kama huo. Vipimo hivi pia havimhusu mgonjwa wa vijiwe, ambaye akitulia macho yake yametulia. Akifanyiwa kipimo cha kwanza kitakuwa safi, na atashukiwa kiharusi asichonacho.

Picha ya CT inahitaji kusemwa waziwazi, kwa sababu familia huuza mifugo ili kuilipia. CT huonyesha damu iliyovuja vizuri sana. Kiharusi cha mshipa ulioziba sehemu ya nyuma ya ubongo, hasa saa za mwanzo, mara nyingi hakionekani. CT safi haimruhusu mtu anayeyumba kurudi nyumbani. Na kwa mgonjwa wa vijiwe mwenye kipimo cha Dix-Hallpike kilicho wazi, haihitajiki kabisa.

Mgonjwa ambaye mzunguko wake mpya umedumu siku kadhaa na umeonekana kutoka sikioni apewe dawa ya kutuliza kwa siku mbili tatu tu, kisha aachwe ubongo ujifunze upya. Kutembea mapema, hata kwa kushikwa, humsaidia kuliko kulala.

Kwa daktari bingwa

Wanaobaki ni wale ambao kizunguzungu huwajia na kuondoka bila kichokozi. Kikidumu tangu dakika ishirini hadi saa kadhaa, sikio moja likiziba, likivuma na kupoteza usikivu wa sauti nene, hushukiwa ugonjwa uliopewa jina la Prosper Menière, aliyeuhusisha na sikio mwaka 1861. Kikiandamana na kichwa kuuma upande mmoja au kuchukia mwanga, kwa mtu mwenye historia ya kipandauso, huenda ni kipandauso chenyewe. Mzee mwenye presha au kisukari anayepata vipindi vya dakika chache kwa mara ya kwanza asisubiri foleni ya kliniki. Hivyo vinaweza kuwa vitangulizi vya kiharusi. Wapo pia ambao, baada ya ugonjwa wa sikio kupona, hubaki wakihisi kuyumba kwa miezi mitatu na zaidi, hasa sokoni au penye msongamano. Hawaigizi, na kuambiwa "huna ugonjwa" huwazidishia.

Kwa hao bingwa ana vifaa: kipimo cha usikivu, kipimo cha kuingiza maji ya uvuguvugu na ya baridi sikioni, miwani yenye kamera, MRI. Lakini bingwa humwona mgonjwa wiki kadhaa baadaye, kizunguzungu kimepoa na macho yametulia. Aliyeyaona macho yakicheza ni tabibu au muuguzi wa zahanati. Barua ya rufaa inayosema "kizunguzungu, tafadhali mwone" huizika habari hiyo. Mistari mitano ingetosha: kilianza lini na hudumu muda gani, nini hukichokoza, usikivu ukoje, macho yalicheza kuelekea wapi, presha akiwa amelala na akiwa amesimama, na dawa zote anazotumia. Simu ya jamaa inayopiga video ya macho wakati wa shambulio ni msaada mkubwa, na leo familia nyingi zinayo.

Mwanamke wa mfano wa mwanzo, akirudi zahanati na kukutana na anayemuuliza kama kizunguzungu humshika pia anapolala, atalazwa chali kichwa kimegeukia kulia, macho yake yatacheza, na atageuzwa hatua kwa hatua hadi aketi. Aambiwe kwamba siku moja mbili kichwa kinaweza kuwa kizito, na aje baada ya wiki apimwe kwa njia ileile. Presha yake ipimwe upya siku hiyo, akiwa ameketi na kupumzika, na tena siku nyingine tofauti, kabla ya kuamuliwa kama vile vidonge vya mwezi mmoja vinaendelea au vinasimamishwa.